Mwenzi wako akikuuliza "nimependeza?", mwangalie kwanza ndipo umjibu

#1 – Mleta mada

Wakuu, heshima mbele.

Mimi ni fundi cherehani, nguo za kike. Sare za harusi, magauni ya sendofu, suti za kanisani, madera ya Idi. Sehemu ya kujaribia nguo pale kwangu imetengwa kwa pazia, na kioo kirefu kiko nje ya pazia, kwa hiyo mteja akishavaa ni lazima atoke. Wengi wakitoka, mume yuko kwenye benchi anasubiri. Swali la kwanza haliji kwangu niliyeshona. Linakwenda kwenye benchi: "Baba nanihii, nimependeza?"

Jibu ninalolisikia zaidi ni "uko poa", na macho yako kwenye simu.

Nimeleta mada hii kwa sababu jibu hilo linaniuma kila nikilisikia, na naona kwenye nyuso za wake za watu kwamba wao linawauma zaidi. Tukijadili mambo haya huwa tunagawanyika. Wapo wanaosema mwanamke asifiwe tu, hata kama si kweli, ili nyumba itulie. Wapo wanaojiita wakweli, na ukweli wao ni kumwambia mke "umekuwa pipa" mbele ya mawifi zake. Sikubaliani na hawa wala wale. Anayeuliza anataka kuonwa. Ukimwangalia vizuri kisha ukamwambia kweli, hata kweli yenyewe ikiwa ni kwamba gauni limekataa, anatulia kuliko akisifiwa na mtu ambaye hata shingo hakugeuza.

Kuna mama mmoja alikuja kujaribu sare ya harusi ya mdogo wake. Mtoto alikuwa bado ananyonya, na mwili ulikuwa umebadilika tangu nilipompima. Alitoka kwenye pazia ameshika kanga ya kubebea mtoto mbele ya tumbo, kwa mikono yote miwili, akauliza swali lile. Mume akaweka simu mfukoni, akasimama, akamzunguka. Akasema, "Mgongoni limelala vizuri sana. Hapa ubavuni linakubana, naona unapumua juu juu. Fundi, haliachii hapo?" Kisha akamgeukia mkewe: "Na rangi hii usiiache, mama. Inakukubali." Yule mama akaiweka kanga kwenye kiti. Nilikuwa nimeacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono, nikafungua ubavuni, mkato wa kiuno nikaupandisha ukakaa chini ya kifua, tumbo likapata nafasi. Hakuuliza tena kama amependeza. Aliuliza bei ya kushonewa na kilemba.

Angalieni alichofanya yule baba. Hakusema tumbo halipo. Lilikuwepo na sote watatu tuliliona. Wala hakusema tumbo ni kubwa. Alisema nguo inabana, kwa sababu kweli ilikuwa inabana, na nguo ikimbana mtu kosa ni la nguo. Na sifa aliyoitoa ilikuwa na mahali pake: mgongoni, rangi. "Uko poa" haina mahali. Unaweza kumwambia hata aliyevaa gunia, na anayeambiwa analijua hilo, ndiyo maana anauliza tena, na tena, mpaka mume anakasirika anasema "si nimeshakwambia?"

Kingine ni wakati. Siku ya kujaribu kila kitu kinarekebishika. Siku ya sherehe, gari liko nje linapiga honi, ndipo baba anakumbuka kusema "hivi hili si fupi?" Ukweli huo hauna kazi tena, unamfanya mwenzako avute pindo usiku mzima na hata kucheza hachezi. Ukishachelewa, achana na pindo. Tafuta kilicho kizuri kweli, useme hicho. Zipu iliyofunguka, mchicha kwenye meno, mkanda wa sidiria unaoonekana, hivyo sema saa yoyote, kwa kunong'ona, maana sekunde moja inatosha kuviweka sawa. Ila makovu, michirizi, matiti yaliyonyonyesha, urefu, upara? Sijui kwa nini mtu mzima anajiona ana wajibu wa kutoa taarifa ya mambo hayo. Mwenye mwili anajua. Ndiye anayeuogesha kila siku.

Na wanaume pia wanauliza, kwa namna yao. Mwanaume hasemi "nimependeza?" Anasema, "Hili shati limenywea." Akisema hivyo anauliza swali lile lile, na wake wengi hujibu "ni kitambi chako hicho" huku wakicheka. Nimeona mwanaume mzima akifunga koti hadi kifungo cha mwisho kwenye joto la mchana kwa sababu ya jibu hilo. Mwambie "hebu njoo nikutazame", kisha mwambie kweli: vifungo vinavuta, tushone lingine lenye nafasi. Na akiwa amependeza mwambie kabla hajauliza. Mume wangu ana mvi kidevuni na nazipenda. Ninamwambia nikiwa nimezishika, si nikiwa nampigia kelele kutoka jikoni.

Karibuni, hasa mliokaa kwenye ndoa muda mrefu.

#2

Mada nzuri dada fundi, lakini utuelewe na sisi tulioko kwenye benchi. Swali hilo kwetu lina hofu. Niliwahi kumjibu mke wangu kwa nia njema kabisa kwamba gauni la bluu linamkaa kuliko la njano. Yeye alichosikia ni kwamba la njano linamfanya mnene. Chakula kililetwa mezani kimya kimya. Tangu hapo nasema "uko poa" kwa sababu neno hilo halijawahi kuniletea kesi.

Unasema tuangalie. Nikiangalia nikaona kitu, nikifanyie nini? Kuna siku mke anataka maoni na kuna siku anataka kutulizwa tu, na anauliza kwa maneno yale yale. Mimi nitajuaje?

#3 – Mleta mada

Mkuu #2, muulize. Kweli kabisa, muulize: "Tunatoka sasa hivi, au una muda wa kubadilisha?" Akisema tunatoka, anahitaji kutiwa moyo, mpe kitu kizuri unachokiona. Akisema muda upo, anataka jicho lako.

Halafu siku ya bluu na njano ulilinganisha. Ungesema la bluu linaonyesha mabega yake vizuri ukaishia hapo, la njano lisingeingia kwenye kesi.

#4

Naomba niandike jambo ambalo sijamwambia hata dada yangu.

Mimi ni maji ya kunde. Mume wangu hajawahi kunitukana rangi hata siku moja. Ila tukiwa tunatazama televisheni, kila akipita mwanamke mweupe, "huyu mtoto mzuri". Kwangu mimi ni "uko poa". Nikaanza mkorogo wa kujichubua. Dada mmoja alinichanganyia kwenye kopo la losheni lisilo na lebo. Baada ya muda mume akaniambia, "Siku hizi unang'aa." Ilikuwa imepita miaka bila kunisifia kitu chochote maalumu mwilini mwangu. Mnadhani ningeacha?

Nikitoka juani uso unawaka kama umepakwa pilipili. Vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, mashavuni mishipa midogo myekundu inaonekana, na juu ya mashavu, karibu na macho, pameanza weusi wa namna ya bluu. Naye alijua. Harufu ya ile krimu ilikuwa kwenye foronya za mito tunayolalia. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema, "Nilidhani ndivyo unavyopenda mwenyewe."

Mleta mada umesema sifa iwe na mahali. Ni kweli. Ila mwenye kusifia achunge ni mahali gani, kwa sababu mwenzake atahamia hapo. Nilichokuwa nakihitaji ni mtu aseme kwa mdomo wake kwamba rangi niliyokuja nayo kwenye ndoa ndiyo anayoitaka. Nilikuwa namsubiri.

#5

Dada #4, pole sana, na umefanya vyema kuandika. Mimi ni muuguzi, nisaidie kidogo.

Mikorogo mara nyingi ina haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali za kupaka kama clobetasol, na mingine ina vyote. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, ndiyo maana mishipa inaonekana na jua linachoma. Weusi wa bluu unaousema unaweza kuletwa na haidrokwinoni ikitumika muda mrefu, yaani ile dawa ya kung'arisha inageuka kuleta weusi usiotoka kirahisi. Zebaki inaharibu figo, na haiishii kwa anayepaka, inawafikia na watoto mnaolala nao kupitia shuka, taulo na mikono. Kama umekuwa ukipaka kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako. Ngozi hulipuka, inawaka na kuvimba, na wengi hapo ndipo wanaporudia mkorogo wakidhani ndio dawa. Nenda kwa daktari wa ngozi na hilo kopo lenyewe, akupange namna ya kupunguza. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku hapa Tanzania, na tangu 2019 wanaosimamia vipodozi ni Shirika la Viwango, TBS, kazi ilihamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Kopo lisilo na lebo hakuna aliyelikagua.

Na mumeo mpeleke naye. Akasikie.

Nikiwa hapo hapo, niseme na wanaume kuhusu mke aliyejifungua, kwa sababu kliniki nasikia mengi. Nywele kukatika kwa wingi miezi miwili mpaka minne baada ya kujifungua ni kawaida. Wakati wa mimba homoni huzizuia nywele zisidondoke kwa mwendo wake, homoni zikishuka nywele nyingi zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja na kudondoka kwa pamoja. Kwa wengi hali inarudi ndani ya mwaka. Michirizi hufifia, haifutiki, na hakuna krimu ya kuifuta hata uilipie kiasi gani. Tumbo linalobaki limetokeza katikati mara nyingine si mafuta, ni misuli miwili ya mbele iliyoachana mimba ilipokuwa inakua. Mazoezi ya kuinuka kwa nguvu mapema yanaweza kuzidisha hali hiyo, mtaalamu wa fiziotherapia anajua yanayofaa. Madoa ya usoni huchochewa na homoni na jua, na kwa wengi yanapungua baada ya kujifungua. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 inawaongezea uzito baadhi ya wanawake. Unakuta mume anamsema mke kuwa ameachia mwili, na yeye ndiye aliyemsisitiza achome sindano. Mkikaa mkazungumza, kuna njia nyingine za kupanga uzazi.

Ukiyajua haya, "umependeza" yako inakuwa na miguu. Unaweza kumwambia "nywele zitarudi" na ikawa kweli.

Jambo la mwisho, hili ni kwa wake. Ukiona shingo ya mumeo kwa nyuma imekuwa nyeusi, nene, laini kama ina vumbi lisilotoka, na kwapani vile vile, usimwambie aoge vizuri wala usimsugue na jiwe. Si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili unahangaika na insulini, homoni inayodhibiti sukari. Mwambie mkapime sukari. Akipimwa akiwa hajala chochote kwa angalau saa nane, ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na ikarudiwa ikawa hivyo, hiyo ni kisukari. Yeye shingo yake kwa nyuma haioni. Wewe unaiona kila siku anapofunga kamba za viatu.

#6

Nakazia la muuguzi. Mimi nina ualbino. Mume wangu kila Jumapili ananikagua masikio, shingo kwa nyuma na mgongo kwenye mwanga wa dirishani, anatafuta kidonda kisichopona au gamba jipya. Mafuta ya kuzuia jua ninayotumia ni yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, na sehemu za mgongoni ananipaka yeye. Hajawahi kuniambia "huna tatizo" bila kukagua. Siku aliyoona kitu juu ya sikio alisema pale pale, tukaenda, kikatolewa kikiwa kidogo. Sifa zake nyingine zote nazisadiki kwa sababu ya hilo.

#7

Assalaam alaykum. Kuna ndugu huwa wanatumia Hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba (r.a.) kama leseni ya uongo. Amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) hakuruhusu lolote katika yale ambayo watu huyaita uongo isipokuwa katika vita, katika kupatanisha watu, na maneno ya mume kwa mkewe na mke kwa mumewe. Ni kweli imepokewa. Lakini Imamu Nawawi, mwanachuoni aliyezisherehesha Hadithi, ameeleza kwamba la wanandoa makusudio yake ni kuonyeshana mapenzi na mfano wa hayo, na kwamba kuhadaana ili mmoja amnyime mwenzake haki yake au achukue kisichokuwa chake ni haramu kwa makubaliano ya Waislamu. Basi kumwambia mkeo "machoni mwangu hakuna mzuri kama wewe" ni katika mapenzi. Kuona uvimbe ukanyamaza ili asikasirike haimo.

Na tusisahau upande wetu wanaume. Ibn Abbas (r.a.), sahaba wa Mtume, amepokewa akisema kuwa anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Mtu anashinda na fulana iliyotoboka, kisha anamkagua mke kichwa mpaka miguu.

#8

Mimi mama wa Tanga, wajukuu ninao. Somo wangu alinifundisha kumwogesha mume, na alisema wazi: unapomwogesha unamtazama. Jipu limeota wapi, amekonda, mguu umevimba, ana alama ambayo jana haikuwepo. Siku hizi watu wanaishi nyumba moja na hawajuani mgongo.

Mwanangu mleta mada, pamoja na yote, kwenye michirizi sikuungi mkono moja kwa moja. Ukinyamazia kitu kilicho wazi, mwenzako anadhani kinakuchukiza. Marehemu mume wangu alikuwa na kovu la moto kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, mikono mirefu akivaa hata kiangazi. Sikulinyamazia. Nililipaka mafuta ya nazi, nikalibusu, nikamwambia ndilo ninalomjulia gizani. Baada ya ndoa yetu alianza kutoka na fulana. Taarifa usitoe, lakini mkono upeleke.

#9

Nimesoma uzi wote na nimesita kuandika.

Mke wangu alikatwa titi la kushoto. Dawa na mionzi tulifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nywele zilianza kutoka wiki chache baada ya dozi ya kwanza, kama walivyokuwa wametuambia, na hizo hazikumsumbua sana kwa sababu alijua zitarudi. Titi ndilo lililotuweka mbali. Alianza kuoga amefunga mlango kwa ndani, jambo ambalo kwetu halikuwepo. Taa ya chumbani alizima kabla sijaingia.

Ndugu walinishauri nimwambie "kwangu hujabadilika hata kidogo". Nikamwambia. Akanijibu, "Basi hujaniangalia."

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Kisha nikamwomba aniruhusu nimsafishe kidonda badala ya dada yake. Mara ya kwanza aligeuza uso ukutani. Kovu lilikuwa linaanzia karibu na mfupa wa kifua linapita mpaka chini ya kwapa, na ngozi iliyolizunguka ilikuwa imekufa ganzi, nikigusa hasikii. Nikaanza kumwambia ninachokiona, polepole: hapa pamefunga, hapa bado pana unyevu, hapa pamevimba kidogo tutawaonyesha, hapa ngozi yako ni ile ile. Sikusema ni pazuri. Nilisema namshukuru Mungu kwa kovu hili, kwa sababu bila hilo ningekuwa naongea na picha ukutani. Alilia sana, na mimi nililia. Iliendelea hivyo kila jioni mpaka kidonda kikapona, na siku moja yeye ndiye aliyesema niache taa.

Mwanamke mmoja aliyepitia ugonjwa huo alimfundisha kushona kifuko cha pamba cha kuweka ndani ya sidiria, katikati anaweka mtama kidogo kipate uzito, maana pamba tupu inapanda juu akitembea. Kabla ya kwenda ibadani ananiuliza "yako sawa?" Nasimama mbele yake, natazama. Kama upande mmoja umepanda nasema umepanda. Anarekebisha, tunatoka.

#10

#9 Mungu awatunze wewe na mama.

Nafundisha saikolojia, nitaje kitu kimoja. Kuna tafiti mbili ambazo kwa haraka zinapingana. Mwaka 1994 William Swann na wenzake walikuta kwamba wachumba hujisikia karibu zaidi na mwenzi anayewaona bora kuliko wanavyojiona wenyewe, lakini waliooana hujisikia karibu zaidi na mwenzi anayewaona kama wanavyojiona, hata wale wanaojiona kwa ubaya. Miaka miwili baadaye Sandra Murray na wenzake wakakuta kwamba wanaomtazama mwenzi kwa jicho la kumkuza ndio wenye furaha zaidi. Kisha 2005 Lisa Neff na Benjamin Karney, waliofuatilia wanandoa wapya Marekani, wakaonyesha namna mambo haya mawili yanavyoweza kukaa pamoja. Karibu wote walikuwa wanampenda mwenzi wao kwa jumla. Tofauti ilikuwa kama upendo huo unakwenda na kumjua kwa usahihi katika mambo mahususi, nguvu zake na udhaifu wake. Wake waliokuwa na vyote viwili ndoa zao zilidumu zaidi.

Tafiti hizo hazikuwa za sura peke yake, na ni za watu wa huko. Lakini nikisoma #6 na #9 naona ndicho wanachokisema: nakupenda mzima mzima, na ninajua kovu lako linaanzia wapi.

Kwa wenye mwenzi anayeuliza mara nyingi kwa siku, akijibiwa hasadiki, anajificha asionekane na watu, halali au hali kwa sababu ya mwili wake: hapo sifa peke yake haitoshi, hata ukimsifia kila saa. Inaweza kuwa sonona, hasa kwa aliyejifungua, na inatibika. Mshike mkono mwende hospitali.

#11 (yule wa #2)

Nimerudi. #9 umeninyamazisha, nilimsomea mke wangu mchango wako na yeye amenyamaza pia, amekaa tu karibu yangu.

Sasa dada fundi, nina jambo la leo leo. Jumamosi tuna harusi upande wa mke wangu. Jana amechukua gauni kwa fundi, akalivaa, akaniuliza, nikasema kama kawaida yangu. Lakini niliona: akiinua mkono gauni zima linapanda, na kwapani pamekunjamana. Leo Jumatano. Niseme au niache?

#12 – Mleta mada

Sema leo jioni. Usimwanzie mlangoni akiwa ndiyo kwanza anafika kutoka kazini, ale kwanza. Kisha mwambie hivi hivi: "Lile gauni naomba ulivae tena, jana nilijibu bila kuangalia." Ukimwambia hivyo hatasikia kwamba ana kasoro, atasikia kwamba unataka kumuona.

Avae na sidiria ya siku hiyo na viatu vya siku hiyo, gauni hubadilika kwa vyote viwili. Ainue mikono yote kama anacheza kwaito, akae kwenye kiti, ainame kama anamnyanyua mtoto. Simama nyuma yake, kisha ubavuni. Kama ni ulivyosema, kosa ni la mkato: kwapa lililokatwa chini sana ndilo linalovuta gauni lote mkono unapopanda, na hata angekuwa mwembamba kuliko alivyo lingepanda tu. Mwambie hilo, ni kweli na litamtuliza. Dawa yake ni kuweka kipande kwapani, kinachokatwa kwenye kitambaa kile kile. Kesho asubuhi alipeleke, Ijumaa jioni alichukue, fundi yeyote makini anamaliza.

Na kabla hajalivua, mwambie kinachompendeza. Utakuwa umeshakiona. Kisha akumbuke kwenda na mabaki ya kitambaa, fundi wengi huwa hawayatunzi.